Kuachishwa Sauti

Mtoto asiyejua hukosea ovyo, lakini Tupokigwe alikosea kwa ustadi, na hilo ndilo lililoanza kumnyima raha Mwalimu Subilaga.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Rungwe unaoingia darasani bila kupiga hodi na kukaa na watoto kwenye madawati. Subilaga alisimama mbele ya darasa la kwanza la shule ya Lupondo, akiinua picha moja baada ya nyingine na kuuliza kwa Kireno. Aliinua picha ya mlango. Tupokigwe, ambaye wenzake walimwita Tupo, akajibu kuwa ni dirisha. Aliinua picha ya mvua, Tupo akasema jua. Kijiko kikawa uma, kaka akawa dada. Watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao huku ameinamisha kichwa.

Subilaga hakucheka. Alikuwa mwalimu wa muda mrefu, na alijua kwamba mtu hawezi kuuita mlango dirisha, mvua jua na kijiko uma, asiteleze hata mara moja akataja ng'ombe, mpaka awe anayajua maneno yote mawili na anachagua lile lisilo sahihi.

"Kaa, Tupo," alisema. "Tutajaribu tena kesho."

"Ndiyo, Mwalimu," mtoto akajibu kwa Kiswahili, kisha akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto kama mtu anayehakikisha kwamba mlango wa nyumba yake umefungwa.

Nyuma ya sikio hilo alikaa nyuki. Ndivyo watoto walivyokiita kile kidude cha ukubwa wa punje ya harage, kwa sababu kabla ya kusema kilivuma kidogo. Jina lake la kiofisi lilikuwa mlezi wa lugha, lakini hata walimu hawakulitumia. Kabla ya nyuki, wataalamu walikuwa wamehangaika sana kuwafundisha watoto wadogo lugha za kigeni kwa mashine, na mashine zikafundisha maneno bila kufundisha lugha. Mtoto aliweza kutaja rangi zote na wanyama wote, lakini hakuweza kugombana, kubembeleza wala kudanganya kwa lugha hiyo. Mwishowe ikagundulika kwamba akili ya mtoto haiifungulii lugha mpya kila sauti inayobisha. Huifungulia sauti ya mtu anayempenda.

Basi wazazi wakaanza kutoa sauti. Mzazi alikaa mchana mmoja akizungumza, mashine ikachukua mkwaruzo wake, pumzi zake, namna anavyocheka na anavyoonya, ikavitia vyote katika lugha ambayo mzazi mwenyewe hakuijua. Tangu reli ya kusini iunganishwe na bandari za Msumbiji, lugha hiyo kwa watoto wa Tukuyu ilikuwa Kireno. Wanawake ambao hawakuwahi kuvuka mto Ruvuma walisikika masikioni mwa watoto wao wakiwahimiza kwa Kireno wamalize uji.

Na kama lilivyo ziwa la mama, sauti hiyo ilikuwa na wakati wake wa kuachishwa. Mtoto alipoweza kumsimulia mtu hai hadithi kwa Kireno, mwanzo hadi mwisho, sauti ilififishwa kidogo kidogo kisha ikafutwa kabisa, isibaki popote. Sheria hiyo haikuletwa kwa ukatili. Katika miaka ya mwanzo watoto hawakuachishwa, na wengi wao walikua wakiwapa mgongo mama zao, kwa sababu yule wa sikioni hakuchoka, hakufoka, wala hakwenda shamba.

Subilaga hakuisoma habari hiyo kitabuni. Mwanawe Lwitiko alikuwa miongoni mwa watoto wale wa kwanza. Alikumbuka akiwa jikoni anamwita mtoto aje kula, na mtoto ameketi kizingitini anatabasamu, anasikiliza sauti yake mama huyo huyo ikimwambia jambo tamu zaidi. Alimwonea wivu mtu ambaye alikuwa ni yeye mwenyewe. Sasa Lwitiko aliishi Maputo, na akipiga simu walizungumza kwa Kireno, kwa adabu, kama watu waliokutana safarini.

Katika darasa lile watoto wote walikuwa wamekwisha kuachishwa, isipokuwa Tupo. Na hakuna aliyemlaumu. Mama yake, Lugano, alitoa sauti yake mwanzoni mwa mwaka. Masika yalipokolea, alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha kufungasha maparachichi wakati udongo wa mlima ulipoporomokea barabara, ukamchukua yeye na wenzake. Walimu walisema mtoto amekuwa mzito kwa huzuni, apewe muda. Subilaga naye alisema hivyo, mpaka asubuhi ile ya mlango na dirisha.

*

Mapumziko yalipofika mvua ilianza kunyesha, watoto wakakimbilia ukumbini. Subilaga alimhesabu kila mmoja kwa macho, akamkosa Tupo. Alijifunika kanga kichwani, akazunguka nyuma ya majengo, na alipokaribia kibanda cha tangi la maji akasikia mtu anaongea.

Kilikuwa Kireno kinachotiririka, bila kukwama wala kutafuta neno. Tupo alikuwa amechuchumaa juu ya tofali, amekumbatia magoti, anasimulia habari ya kuku wa jirani aliyelalia mayai ya bata bila kujua. Vifaranga walipoanguliwa wakaingia kwenye dimbwi, na kuku akabaki ukingoni akilia kwamba watoto wake wanazama. Mtoto aliiga sauti ya kuku, akaiga ya jirani. Akatia chumvi, akajirudi, akabisha. Kisha akasema sentensi iliyomfanya Subilaga ajishike ukutani, maana ilikuwa na kile kitenzi cha mambo ambayo hayajawa na huenda yasiwe kamwe, kitenzi ambacho yeye mwenyewe alikipata chuoni kwa jasho.

"Ungekuja nyumbani," mtoto alisema kwa Kireno, "ungemwona."

Akanyamaza kusikiliza. Jibu lilipoingia sikioni mwake, uso wake ulilainika kama wa mtoto anayepapaswa.

Subilaga alijaribu kurudi nyuma, lakini kiatu chake kikateleza kwenye tope na Tupo akageuka. Walitazamana. Mvua ilipiga bati la kibanda.

"Mwalimu," Tupo alisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayetumia lugha iliyokuwa kabatini, "usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Kwamba najua."

Subilaga alikunja kanga yake, akachuchumaa karibu naye. Alimshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi.

*

Baba yake Tupo aliitika mwito wa mwalimu siku iliyofuata, akitoka kazini moja kwa moja. Jina lake Ambonisye, fundi wa mitambo ya mvuke wa ardhini, mtu mrefu aliyezoea kuinama chini ya mabomba. Aliketi kwenye kiti cha mtoto kwa sababu hapakuwa na kingine, magoti yakamfika kifuani.

"Baba Tupo," Subilaga alianza, "nyumbani mtoto anaongea?"

"Anaongea, Mwalimu. Si na mimi."

"Una maana gani?"

"Anaongea na mama yake." Alisema hivyo bila kupepesa macho. "Mimi nikimsalimu ananijibu kwa Kireno. Nikimwambia sema kinachoeleweka, ananyamaza. Ule ugali tunakula kama watu waliogombana, na hatujagombana."

Subilaga alimweleza aliyoyasikia penye tangi. Alimweleza pia kwamba ofisi ya wilaya ilikuwa imekwisha kumuuliza Mwalimu Mkuu kwa nini mtoto mmoja wa Lupondo hajaachishwa. Kama shule ingefungwa naye bado yuko vile, angeandikwa mtoto mwenye kasoro ya kujifunza, na watoto wa namna hiyo walipelekwa bweni la Mbeya.

"Na mkisema kwamba anajua?"

"Nitapaswa kumwachisha mara moja. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Ambonisye alitazama mikono ya mwalimu, kisha yake.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," alisema. "Mtoto akiwa anaoga asubuhi, huwa namchukua yule nyuki na kumtia sikioni mwangu. Najua si ruhusa. Sielewi hata neno, lakini ni yeye, Mwalimu, ni Lugano kabisa. Kuna jambo analisema mara kwa mara. Nimelishika, naenda nalo kazini, nalirudia kule kwenye mabomba. Nilikuwa nataka mtu aniambie maana yake."

"Liseme."

Alilisema kwa uangalifu, kama anayetoa kitu cha kioo mfukoni. Matamshi yake yalikuwa mabovu, na Subilaga ilimbidi amwombe arudie. Alipolielewa, alitamani asingeulizwa. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema: anakwambia umtunze mtoto, na yule bwana angetoka pale na mzigo mwepesi.

"Anasema, vaa vizuri, nje kuna baridi," alijibu. "Ni maneno ya somo, Baba Tupo. Kila nyuki huyasema asubuhi za baridi."

Ambonisye aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Subilaga alidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, cheko lisilo na sauti.

"Lugano naye alisema hivyo kila asubuhi ya baridi," alisema. "Nilidhani ni siri fulani. Kumbe ni sweta."

*

Mwalimu Mkuu Ulimboka alikuwa mtu mwema aliyeiogopa ofisi ya wilaya. Subilaga alipomwomba amwache mtoto mpaka siku za mwisho za muhula, alimtazama juu ya miwani.

"Unayo sababu?"

"Ninayo."

"Sitaki kuijua," alisema, akarudi kwenye kishikwambi chake.

Sababu yenyewe Subilaga hakuwa na uhakika nayo. Jambo moja alilijua: mtoto alikuwa amehamishia mapenzi yake yote katika lugha ambayo baba yake hakuwa nayo, na kama mlango huo ungefungwa ghafla, angebaki peke yake ndani. Lwitiko alikuwa amebaki ndani hivyo, miaka yote hii. Basi akamwambia Ambonisye aje darasani kila jioni baada ya kazi, ajifunze Kireno.

Alikuja. Alikaa kwenye kile kiti kidogo, akitaja meza na mlango kama mtoto wa darasa la kwanza. Tupo alimsikiliza mwanzoni kwa uso wa mtu ambaye shamba lake limeingiliwa na ng'ombe wa jirani. Lakini baba alipoambiwa kwamba meza kwa Kireno ni *mesa*, akauliza, "Sasa nani alimwibia mwenzake?" Tupo akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

Hata hivyo maendeleo yalikuwa haba. Maneno yaliingia jioni na kufikia asubuhi yametoroka. Ndipo Subilaga akafanya jambo ambalo lingeweza kumwachisha kazi. Alimwomba Tupo amwazime baba yake nyuki, si asubuhi kwa kuibia bali pale darasani, mbele yao wote.

Tupo aliwaza kwa muda mrefu, kisha akamvua nyuki na kumweka kwenye kiganja cha baba.

Vitabu vilisema mlango wa lugha hufungwa utotoni. Wa Ambonisye ulikuwa umefungwa kweli, lakini aliyekuwa akiubisha alikuwa Lugano. Jioni baada ya jioni alikaa na jicho lake moja limefumbwa, na sauti ile ikamwambia afungue dirisha, akalifungua. Ikamuuliza mkate uko wapi, akauonyesha. Maneno yalianza kukaa. Tupo akawa anamsahihisha, mwanzo kwa ukali, baadaye kwa kujivuna. Siku moja Subilaga aliwasikia wakishindana kwa Kireno kama kuku wa jirani alikuwa mweupe au wa madoadoa, na Kireno cha baba kilikuwa kama gari bovu linaloshuka mlima, lakini lilikuwa linashuka.

Alisimama dirishani, akawapa mgongo. Alimkumbuka Lwitiko kizingitini.

*

Halafu jioni moja Ambonisye alikuja na hakutaka kumvaa nyuki. Tupo alikuwa nje anaokota mapera yaliyoanguka.

"Umechoka?" Subilaga alimuuliza.

"Hapana. Nimeanza kuelewa, Mwalimu, na hilo ndilo lililoniharibia."

Akaketi.

"Lugano alipanda mparachichi nyuma ya nyumba mwaka aliozaliwa Tupo. Haukuwahi kuzaa, nikawa namtania kwamba amepanda kuni. Sasa umezaa. Nilitafuta maneno kutwa nzima, kule kazini, ili nimwambie kwa Kireno. Asubuhi nikamvaa, nikamwambia: mparachichi wako umezaa. Unajua alinijibu nini?"

Subilaga alijua. Aliyajua masomo yote ya nyuki kwa moyo.

"Alisema, vizuri sana, na parachichi lina rangi gani?" Ambonisye alitazama sakafu. "Lugano angeuliza kama nimewapelekea wazazi wake. Angeniambia, si nilikwambia, wewe mwanamume mbishi. Nilipokuwa sielewi, Mwalimu, alikuwa yeye. Nimeelewa, sasa ni mtu mwingine ameazima koo lake."

Hawakumwona Tupo amesimama mlangoni, sketi yake imejaa mapera. Aliyaweka juu ya dawati moja moja, bila haraka.

"Mimi najua si Juba," alisema, akitumia neno la Kinyakyusa la kumwita mama. "Nilijua tangu zamani. Juba hakujua Kireno."

Baba yake alimgeukia. "Kwa nini basi hukutaka kuachishwa, mwanangu?"

"Kwa sababu ni sauti yake." Akapanga mapera. "Ikifutwa nitaisahau."

"Mimi sijaisahau."

"Lakini wewe, Tata, humsemi," mtoto akamwambia baba yake. "Tangu tulipomzika humsemi. Hata jina lake hulitaji. Yule tu ndiye aliyekuwa anaongea."

Ambonisye alisogeza kiti chake karibu na mtoto. Alikuwa mtu wa mabomba. Alizoea vitu ambavyo, vikibanwa sana, hutafuta pa kutokea. Alimvuta mtoto akampakata, na Tupo, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kuwa mirefu kwa kupakatwa, alikaa hivyo hivyo.

Subilaga alitoka nje akawaacha.

*

Siku ya kuachishwa ilichaguliwa na Tupo mwenyewe. Sheria haikumpa haki hiyo, lakini Subilaga alimpa. Alitaka iwe mchana, siku ya jua, na baba yake awepo.

Alisimama mbele ya ubao akasimulia hadithi ya kuku na vifaranga wa bata, kwa Kireno, mwanzo hadi mwisho. Baba alicheka pasipochekesha na akakosa kucheka panapochekesha, mtoto akarudia sehemu hizo kwa ajili yake mpaka akaelewa. Safari hii kuku hakubaki analia ukingoni. Aliwasubiri vifaranga watoke, wakatoka wameloa, akawafunika kwa mbawa zake japo walimlowanisha.

"Fim," Tupo akasema. Mwisho.

Subilaga alikuwa na kishikwambi mapajani. Ilikuwa zamu yake. Kwa siku kadhaa alikuwa akiififisha sauti kidogo kidogo, na sasa ilibaki kugusa mara moja. Alijua kwamba mjini Tukuyu kulikuwa na vijana waliojua kunakili sauti kabla haijafutwa, na waliofiwa wengi walipita kwao kimyakimya. Alijua pia kwamba kama yule baba angemwomba jambo hilo sasa hivi, angelifanya, na angeacha kazi kwa heshima yake. Alimtazama. Ambonisye alikuwa amekunja midomo, hakuomba.

"Tupo," Subilaga alisema, "unataka kumsikiliza kwanza?"

Mtoto aliinamisha kichwa upande wa kushoto, akasikiliza. Uso wake haukulainika kama siku ile ya tangi. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama gari likipotelea konani, anaendelea kutazama barabara.

"Amesemaje?" baba akauliza.

"Amesema nihesabu viti."

Akavihesabu, kwa sauti ya chini, kwa Kireno, mpaka kiti cha mwisho alichokikalia baba yake. Kisha akaitikia kwa kichwa kumpa mwalimu ruhusa. Subilaga aligusa kioo. Nyuki akavuma kama kawaida yake, na baada ya mvumo huo hapakuja kitu.

*

Kwa muda baada ya hapo Tupo hakusema kwa lugha yoyote. Alikuja shule, akachora, akala, akaenda. Subilaga alilala vibaya, akijiuliza kama ametibu au ameua. Kilichomwondolea mashaka ni ugomvi. Siku moja wakati wa mapumziko alisikia mtoto anafoka uwanjani, anamshutumu mwenzake kwa kumkata foleni ya bembea, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kinyakyusa na tusi moja la Kireno ambalo hakuna nyuki aliyefundishwa. Alipaswa kwenda kumkanya. Alichelewa makusudi.

Mwaka mpya ulipoanza, darasa la pili lilipaswa kupokea lugha nyingine ya kigeni, Kichina, na wazazi wakaitwa kutoa sauti. Ambonisye alifika wa mwisho. Alisimama nje ya kile chumba kidogo chenye kuta za sponji na dirisha la kioo, ameshika kofia.

"Naogopa, Mwalimu," alisema. "Nikifa?"

"Usipokufa itafutwa hivyo hivyo," Subilaga alimjibu. "Ni ya kupita tu. Ya kudumu ni ile utakayompa mwenyewe."

"Niongee nini humo?"

"Lolote. Wengi husimulia walivyozaliwa, au wanasoma gazeti. Mashine haijali."

Aliingia, akaketi. Tupo alibaki nje, pua yake imegusa kioo. Subilaga aliwasha mashine, akavaa vipokea sauti. Kwa muda alisikia pumzi tu. Kisha Ambonisye alisafisha koo.

"Mama yako," alisema, "jina lake lilikuwa Lugano. Nilimwona mara ya kwanza ameketi juu ya gunia la viazi, anamfokea dereva. Lori lilikuwa limekwama kwenye tope, na dereva alikuwa anamwambia ashuke ili mzigo upungue, naye anamwambia, ushuke wewe, mimi nimelipa nauli. Sote tuliokuja kusukuma tukasahau kusukuma. Sasa mimi, kwa kimbelembele changu, nikamsogelea nikamwambia, dada, shuka nikubebe. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani."

Akatabasamu peke yake.

Upande huu wa kioo Tupo hakusikia lolote. Aliona midomo ya baba yake ikienda, akaona lile tabasamu, akageuka kumtazama Subilaga.

"Anasema nini, Mwalimu?"

Juu ya mlango wa chumba kile paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mtoto haruhusiwi kuingia sauti inapochukuliwa, maana sauti ya pili huharibu kazi yote. Subilaga alikuwa ameyabandika maandishi hayo mwenyewe. Alivua vipokea sauti, akaufungua mlango kwa upana wake wote.

Tupo aliingia, akapanda kwenye paja la baba yake, akajipenyeza chini ya mkono wake. Ambonisye akaanza upya, tangu gunia la viazi mpaka pale Lugano alipomtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Mashine ikawasha taa nyekundu kulalamika, na hakuna aliyeishughulikia.

"Akakutazama," mtoto alisema. "Halafu?"